Kati ya Mnong'ono na Kigelegele: Biti Ngapi Zinatosha Kurekodi Sauti?

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa mkekani, Pangani, mbele ya bibi mmoja aliyekuwa anajua nyimbo za harusi ambazo wajukuu zake hawazijui tena. Nilikuwa na rekoda ndogo ya mkononi, nimeiweka juu ya kigoda. Bibi aliimba chini kwa chini, karibu kunong'ona, maana pumzi ilikuwa haimtoshi. Nikafungua geini mpaka mita ikajaa, kama nilivyofundishwa. Alipofika ubeti wa tatu, binti zake waliokuwa wamesimama mlangoni wakaukumbuka wimbo, wakapiga vigelegele. Taa nyekundu ikawaka. Bibi hakunyamaza. Aliendelea kuimba humo humo ndani ya vigelegele, huku anatabasamu.

Usiku nikavaa hedifoni. Mnong'ono ulikuwa safi, hata mkufu wake ulisikika ukigusa kanga. Kisha sauti ikapasuka, kama mtu anachana turubai karibu na sikio, na ndani ya mpasuko ule ubeti mzima ukazama. Nilijaribu kila programu niliyokuwa nayo. Nilipolikuza wimbi kwenye kioo cha kompyuta nikaona sababu: pale sauti ilipopaswa kupanda na kushuka, faili lilikuwa na namba ileile moja imejirudia rudia, 32,767, mstari ulionyooka kama dari. Namba kubwa kuliko hiyo haikuwepo kwenye faili la biti 16, kwa hiyo yote yaliyoizidi yaliandikwa kama hiyo.

Safari iliyofuata, kwa woga, nikaishusha geini hadi chini. Hakuna kilichopasuka. Lakini nilipoipandisha sauti ya bibi nyumbani, mvumo ulipanda nayo kama mvua ya mbali juu ya bati. Sehemu ya mvumo ule ilikuwa ya rekoda yenyewe, sehemu ilitokana na uchache wa biti. Makosa yote mawili yalikuwa na chanzo kimoja: nilikuwa sijui biti 16 zina nafasi kiasi gani, na nafasi hiyo inaliwa na nini. Swali hilo naliona kila siku kwa vijana wanaofungua studio chumbani, kwa watangazaji wa podikasti, kwa wanaorekodi kaswida na kwaya: programu inauliza 16, 24 au 32, nao wanabonyeza kubwa kuliko zote au ile iliyokuwepo.

Fundi cherehani akikupima bega anasoma alama ya tepu iliyo karibu zaidi. Bega likiangukia kati ya alama mbili, anachagua moja. Kosa ni dogo, lakini lipo kila anapopima. Ndani ya rekoda kuna chipu inayofanya kazi hiyohiyo, tuiite kigeuzi. Inapokea umeme kutoka kwenye maiki na kuupima mara 44,100 au 48,000 kila sekunde, kila kipimo ikikiandika kwa namba. Mara ngapi inapima ni suala jingine, nalo linahusu ukali wa sauti nyembamba unazoweza kuzipata. Kina cha biti kinahusu tepu: ina alama ngapi. Biti moja inatoa alama mbili tu, na kila biti inayoongezwa inazidisha idadi mara mbili. Biti 8 zina alama 256, biti 16 zina 65,536, biti 24 zina 16,777,216. Kwa hesabu ya desibeli, kila biti huongeza takriban 6 kati ya sauti kubwa kabisa inayoweza kuandikwa na kosa la kukadiria lililo chini yake. Kwa hiyo biti 16 zina nafasi ya desibeli 96 hadi 98, kutegemea unavyohesabu, na biti 24 hupita 144.

Hapa ndipo michoro ya matangazo inapopotosha watu. Huchorwa wimbi laini, kisha wimbi la ngazi ngazi lililoandikwa 16, kisha ngazi ndogo zaidi zilizoandikwa 24, na msomaji anaamini kwamba sauti ya biti 16 ina makali yanayokwaruza sikio kama picha iliyovutwa hadi ikaonyesha vidoti. Sauti haifanyi hivyo. Inaporudishwa kuwa umeme kwa ajili ya spika, huchujwa, na kinachotoka ni wimbi laini. Kosa la kukadiria, likishughulikiwa vizuri, husikika kama mvumo mdogo chini kabisa, wa aina moja na mvumo wa kanda za kaseti tulizokua nazo, ila mdogo mno kuliko huo. Kuongeza biti ni kuusukuma mvumo ule chini zaidi. Sauti ya bibi kwa biti 24 haiwi tamu zaidi wala nzito zaidi. Inakuwa na nafasi zaidi chini yake.

Hizi namba zenyewe zilitokana na mapatano kati ya sikio, bei na chombo cha kubebea. Alec Reeves, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Paris, alipata hataza ya kuandika sauti kwa namba mwaka 1938, na lililomsumbua lilikuwa kelele za simu za masafa marefu. Simu zilipokuja kugeuzwa kuwa za kidijiti zilipewa biti 8 kwa kila kipimo, vipimo 8,000 kwa sekunde. Katika mpango uliotumika Ulaya na Afrika, zile ngazi 256 hazikupangwa kwa nafasi sawa: zilisongamana pale sauti ilipo ndogo na kutawanyika pale ilipo kubwa, hata biti 8 zikamhudumia mtu anayeongea polepole kana kwamba ni 13. Naomba msomaji aukumbuke ujanja huo, kwa sababu utarudi. BBC ilitumia biti 13 miaka ya mwanzo ya 1970 kupeleka vipindi vya redio kwenye mitambo ya kurushia, na Denon ya Japani ilirekodi muziki kwa biti 13 mwaka 1972. Wakati wa kutengeneza CD, Philips walikuwa na chipu za biti 14 na Sony wakashikilia 16. Sony wakashinda, kiwango kikakubaliwa mwaka 1980, na CD zikaingia madukani Japani mwaka 1982. Mashine ya kwanza ya Philips bado ilitumia chipu za biti 14, ikiziendesha kwa kasi mara nne na kuusogeza mvumo kwenye eneo ambalo sikio haliupati. Hivyo tangu siku ya kwanza wahandisi walijua kwamba idadi ya biti peke yake haisemi yote kuhusu utulivu wa sauti.

Sasa tuiweke namba ya 98 kwenye chumba chetu. Nyumba ya kawaida usiku, pangaboi limezimwa, friji limetulia, bado ina desibeli kama 30 za kelele. Mtu anayepaza sauti kwa nguvu karibu na maiki hupita 100 bila taabu. Tofauti ni 70 hivi. Kwa hesabu hiyo biti 16 zilimtosha bibi na binti zake, zikabaki na akiba ya desibeli karibu 28. Basi kwa nini nilishindwa mara mbili?

Kwa sababu hesabu ile inadhani kwamba aliyeshika geini anajua mapema sauti kubwa kuliko zote itafika wapi. Mkekani hakuna anayejua. Ukiacha desibeli 24 za tahadhari kwa ajili ya kigelegele kisichotarajiwa, biti 16 zinabaki na nafasi ya 74, na hapo unaanza kugusana na kelele ya chumba. Chukua sauti ambayo kilele chake ni desibeli 60 chini ya mwisho wa mita, kama pumzi ya bibi kati ya maneno mawili. Kwa biti 16 sauti hiyo ina ngazi kama 33 tu juu na 33 chini. Kwa biti 24 ina zaidi ya 8,000 kila upande. Ikishuka hadi 90 chini ya mwisho, kwa biti 16 inabaki ngazi moja. Msimamo wangu katika suala hili lote unatokana na hapo: biti zinazozidi 16 wakati wa kurekodi ni kwa ajili ya mkono wa anayerekodi. Sikio la msikilizaji halizihitaji. Mkono unazihitaji sana, kwa sababu mkono unakosea, na harusi hairudiwi.

Biti 24 zinabadilisha tabia nzima ya kurekodi. Ushauri wa kujaza mita hadi karibu na nyekundu ulikuwa sahihi kwa kanda ya sumaku, iliyokuwa na mvumo mwingi, na ulikuwa na maana kwa biti 16. Kwa biti 24 ni ushauri unaoharibu kazi. Weka vilele vya maongezi kati ya -18 na -12, na kwa ngoma au hafla ambayo huijui shuka hadi -20 au zaidi. Kushuka kwa desibeli 18 kunagharimu biti tatu. Zinabaki 21, na hakuna kifaa chochote mezani kwako kinachozitumia zote.

Hili la mwisho halisemwi na wauzaji, nami nadhani kila mnunuzi anastahili kulijua. Tuseme kigeuzi kinapokea umeme wa volti 4 kutoka chini hadi juu. Ukizigawa kwa ngazi milioni 16.7, kila ngazi ni takriban robo ya maikrovolti. Rezista ya ohm 1,000 iliyokaa tu mezani, haijaunganishwa na chochote, katika joto la kawaida la chumba na kwa upana wa sauti tunazosikia, hutoa mvumo wa zaidi ya nusu maikrovolti, kwa sababu tu chembe za umeme ndani yake zinatikisika kwa joto. Ngazi za mwisho za biti 24 zimezama ndani ya joto la vifaa vyenyewe. Vigeuzi bora hufikia nafasi ya desibeli 120 na kidogo juu yake, sawa na biti 20 au 21. Saundikadi za bei ya chini huwa kati ya 100 na 110. Kwa hiyo 24 iliyoandikwa kwenye boksi ni ukubwa wa namba inayoandikwa tu. Maiki yenye mvumo mdogo, priampu nzuri, na godoro lililoegemezwa ukutani vitafanya kazi kubwa kuliko biti yoyote utakayoongeza kuanzia hapo. Na umbali: kuisogeza maiki kutoka sentimita 60 hadi 30 mbele ya mdomo kunaongeza sauti ya msemaji kwa desibeli karibu 6, sawa na biti nzima, bila kulipa shilingi.

Sasa biti 32. Kwenye kurekodi, namba hii karibu daima humaanisha floti, na floti ni uandishi wa namba wa aina nyingine. Mwanafunzi wa sekondari anaufahamu: badala ya kuandika 320,000 anaandika 3.2 na kipeo cha kumi kinachosema nukta ihamishwe wapi. Namba ya floti ya biti 32 ina biti 1 ya kuonyesha hasi au chanya, 8 za kipeo na 23 za tarakimu. Usahihi wake unalingana na wa biti 24, lakini usahihi huo unatembea na sauti: ikiwa ndogo ngazi zinakuwa ndogo, ikiwa kubwa zinakuwa kubwa. Ni mtoto wa ule ujanja wa simu za biti 8. Nafasi yake inapita desibeli 1,500, wakati sauti katika hewa ya kawaida haiwezi kupita takriban 194 kabla haijageuka kuwa wimbi la mshtuko. Faili la namna hii halijai.

Mwaka 2019 zilitoka rekoda za kubeba, kama Zoom F6 na kizazi cha pili cha MixPre za Sound Devices, zinazotumia uandishi huo tangu kwenye maiki. Siri yake iko kwenye vigeuzi: kila njia ya maiki ina zaidi ya kimoja, kimoja kimetegwa kwa sauti ndogo na kingine kwa sauti kubwa, na rekoda inaunganisha matokeo yake kila sekunde bila mshono kusikika. Geini inakoma kuwa uamuzi wa wakati ule ule. Unarekodi, unarudi nyumbani, unashusha kigelegele na kupandisha mnong'ono, na vyote viwili vipo vizima. Kwa mtu anayefanya mahojiano peke yake, ambaye macho yake yanapaswa kuwa kwa bibi badala ya kuwa kwenye mita, hili ni jambo kubwa, na kama ningekuwa naanza leo kurekodi vijijini ningelipa fedha yangu hapo kabla ya kununua maiki ya pili.

Lakini kuna kutoelewana kunakoumiza watu. Kijana ana saundikadi ya kawaida ya biti 24, anafungua programu, anachagua biti 32 floti, na anaamini sasa hawezi kupasua sauti. Anapasua vilevile. Kigeuzi chake kilifika mwisho wa tepu kabla faili halijaguswa, na floti iliyopo kwenye kompyuta inaandika kwa uaminifu mkubwa dari ileile iliyonyooka. Ukitaka kujua kama una floti ya kweli au ya jina, pandisha geini ya saundikadi mpaka upasue sauti kwa makusudi, kisha ishushe ndani ya programu. Wimbi likirudi na vilele vyake, kigeuzi ndicho kinachokuokoa. Likirudi limekatwa kichwa, una biti 24 zilizofungashwa kwenye boksi kubwa. Hata rekoda ya floti ya kweli haiokoi maiki iliyozidiwa na ngoma iliyo karibu nayo mno, wala maiki isiyo na waya ambayo kisambazaji chake kilishapasua sauti kabla haijafika kwenye rekoda, wala upepo wa bahari unaopiga maiki isiyovalishwa kitu.

Ndani ya programu, floti ni hadithi nyingine, na hapa sina shaka nayo kabisa. Kila unachofanya kwenye sauti, kupunguza, kuongeza besi, kutia mwangwi, kupitisha kwenye kompresa, ni kuzidisha na kujumlisha namba, na matokeo hayaangukii kwenye alama za tepu. Yanakadiriwa upya. Ukihariri mara kumi na kila mara ukahifadhi kwa biti 16, umekadiria mara kumi, na mabaki ya makosa yanarundikana. Floti inayafanya makosa hayo yawe madogo mno. Inaruhusu pia sauti ipite mwisho wa mita kati ya hatua moja na nyingine, mradi irudi chini kabla ya kutoka. Ndiyo maana Audacity hufungua kazi kwa biti 32 floti bila kukuuliza, Reaper hupiga hesabu zake za ndani kwa 64, na Pro Tools, iliyoshikilia namba za kawaida kwa miaka mingi, ilihamia kwenye floti mwaka 2011 na toleo lake la 10. Hata faili ulilopewa likiwa la biti 16, lifanyie kazi katika floti. Ukimimina maji ya kikombe kwenye ndoo huyaongezi, lakini unapata nafasi ya kukoroga bila kumwaga. Na ukishamaliza usimwambie mteja kwamba umempa sauti ya biti 24. Maji ni ya kikombe kilekile.

Mwisho wa kazi kuna hatua ambayo studio nyingi huiruka, nami nataka niikalie kidogo. Ni kushuka kutoka floti au 24 kwenda 16.

Njia ya haraka ni kukata: biti za chini zinatupwa. Jaribu jambo hili mwenyewe, ni la dakika tano. Rekodi mlio mmoja wa udi au gitaa, uuache ufifie mpaka ukimya. Uhifadhi kwa biti 8 ukiwa umezima ditha kwenye programu (nitaieleza punde), ili kosa liwe kubwa la kusikika wazi, kisha usikilize mkia wake kwenye hedifoni. Mwanzoni hakuna neno. Mlio unapofifia unaanza kunguruma, kana kwamba nyuki ameingia ndani ya kibuyu cha udi, halafu unakwaruza, halafu unakatika ghafla kabla haujaisha. Ulipozidi kuwa mdogo kuliko nusu ya ngazi, kila kipimo kilikadiriwa kuwa sifuri. Kinachoudhi ni kwamba mngurumo ule unabadilika pamoja na mlio, kwa hiyo sikio linaufuata, tofauti na mvumo wa kawaida ambao linauzoea na kuuacha.

Sasa rudia ukiwa umewasha ditha. Programu inaongeza kelele ndogo ya kubahatisha, ya ukubwa wa ngazi moja au mbili, kabla ya kukadiria. Utasikia mvumo tangu mwanzo. Lakini mlio wa udi utafifia ndani ya mvumo huo polepole na kwa ulaini, na utaendelea kuusikia hata ukiwa umeshuka chini ya ngazi ya mwisho, mahali ambapo bila ditha palikuwa na ukimya. Wengi hukataa kuamini kwamba kuongeza kelele kunaokoa sauti. Fikiria muuza duka asiye na chenji, sarafu yake ndogo ni ya shilingi 100, na kila siku anadaiwa chenji ya 30. Akikadiria kwa sarafu iliyo karibu, kila siku anatoa sifuri, na zile 30 hazionekani kamwe. Akipiga kura, mara 3 katika 10 akatoa 100 na mara 7 asitoe kitu, siku moja moja haina haki, lakini mwisho wa mwezi hesabu inakaribia ukweli. Sikio linafanya wastani huo maelfu ya mara kwa sekunde. Lawrence Roberts wa MIT aliionyesha mbinu hii kwa picha mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1984 John Vanderkooy na Stanley Lipshitz wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, waliandika kwa hesabu kwamba sauti iliyo chini ya ngazi ya mwisho huhifadhika ditha ikitumiwa ipasavyo.

Ditha hutiwa mara moja, kwenye faili la mwisho kabisa, baada ya kila kitu kingine. Anayetia ditha kisha akapandisha sauti, ameupandisha mvumo pamoja nayo. Na muziki uliobanwa na limita hadi ukakaa juu ya mita kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama nyimbo nyingi za klabu, hautaonyesha tofauti yoyote. Usipoteze usiku wako hapo. Ditha inadaiwa na udi, kisomo, hadithi, mashairi, chochote chenye ukimya ndani yake.

Je, msikilizaji anahitaji zaidi ya 16? Jaribio ninaloliamini zaidi ni la E. Brad Meyer na David Moran, lililochapishwa mwaka 2007 kwenye jarida la Jumuiya ya Wahandisi wa Sauti ya Marekani. Waliwachezea watu rekodi za ubora wa juu kuliko CD, kisha rekodi zilezile zikiwa zimepitishwa kwenye biti 16 na vipimo 44,100, bila kuwaambia ipi ni ipi. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276, sawa na kurusha sarafu. Tofauti pekee ilijitokeza sauti ilipofunguliwa juu mno katika sehemu tulivu, hapo mvumo wa biti 16 ukasikika. Kwangu hilo linatosha: toa kazi ya mwisho kwa 16 iliyotiwa ditha na ulale. Anayetaka kupakia 24 kwenye mtandao wa muziki unaoipokea afanye hivyo, hakuna kinachoharibika.

Hapa niondoe mkanganyiko wa maneno. Anaposema mtu wimbo wake ni wa biti 320, anazungumzia kilobiti kwa sekunde za MP3, yaani faili limebanwa kiasi gani. Si kina cha biti. MP3 haihifadhi vipimo kimoja kimoja kwa namba ya biti kadhaa, na kulinganisha 320 ya huku na 24 ya kule ni kulinganisha uzito wa gunia na urefu wake.

Gharama ya nafasi inatajwa sana kuliko inavyostahili. Saa moja ya sauti ya njia mbili kwa vipimo 48,000 inachukua takriban megabaiti 691 kwa biti 16, gigabaiti 1.04 kwa 24, na 1.38 kwa 32. Kadi ya gigabaiti 32 inabeba zaidi ya saa 30 za biti 24. Kwa mahojiano ya maiki moja rekodi njia moja, na nafasi inazidi mara mbili. Bando la kutuma mafaili makubwa ni tatizo la kweli, nami huwatumia wenzangu nakala iliyobanwa wakati faili lenyewe linabaki nyumbani kwenye diski mbili. Ila usishushe kina cha biti wakati wa kurekodi ili kuokoa bando. Hilo halirudishiki.

Limebaki swali la hifadhi, na hapa kuna jambo linaloonekana kama kichekesho kwa asiyelifikiria. Shirika la kimataifa la hifadhi za sauti, IASA, katika mwongozo wake wa TC-04 linataka rekodi za zamani zinazogeuzwa kuwa za kidijiti ziwe angalau na biti 24 na vipimo 48,000, na linapendelea 96,000. Lakini kanda ya sumaku ina mvumo ulio juu sana kuliko ule wa biti 16, na sahani za santuri, kama zile alizorekodi Siti binti Saad Bombay mwaka 1928, zina mkwaruzo unaosikika chumba kizima. Biti 24 za nini?

Tazama wimbi la sahani moja ya namna hiyo. Sauti ya mwimbaji iko pale, ina ukubwa wake. Juu yake, kila mara sahani inapozunguka, kuna miiba: nyufa, vumbi, makwaruzo ya sindano, baadhi yakiwa mara kadhaa ya ukubwa wa sauti yenyewe. Ukitaka miiba hiyo isikatwe kichwa, lazima sauti ya mwimbaji ikae chini kabisa kwenye mita. Na lazima isikatwe kichwa, kwa sababu programu ya kusafisha inautambua mwiba kwa umbo lake. Mwiba uliokatwa unafanana na sauti, na programu inaupita au inauondoa pamoja na silabi. Baada ya kusafisha, mwimbaji anapandishwa juu. Ni kigelegele na mnong'ono tena, ila safari hii kigelegele ni ufa. Isitoshe, kanda inayomenyeka pengine inakubali kuchezwa mara moja tu, na programu za miaka 30 ijayo zitaweza kutoa humo mambo ambayo za leo hazitoi. Atakayefanya kazi hiyo atahitaji kila kilichokuwepo, pamoja na mvumo wenyewe, kikiwa hakijakadiriwa kwa haraka.

Mafaili yangu ya Pangani yamo kwenye diski mbili kwa mpangilio huo. La safari ya tatu ni la biti 24, geini ilitegwa vilele vya bibi vikiwa karibu na -24, na vigelegele vya siku hiyo vilifika -3 bila kugusa mwisho. La kwanza nimeliacha na biti zake 16 zilezile, nikaandika pembeni yake kilichotokea. Mara ya tatu bibi aliuruka ule ubeti, akasema umemtoka. Nimewauliza binti zake wote watatu maneno yake. Kila mmoja ananiimbia tofauti.